Kanzidata za klasta: toleo likibadilika, nani analipa?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayenunua seva mbili ili moja ikizimika nyingine iendelee na kazi huhesabu kwamba usalama wa daftari lake amekwisha kuulipia. Mwaka 2019 kampuni ndogo zilizokuwa zikitumia kanzidata ya Oracle ya daraja la Standard ziligundua kwamba hesabu hiyo ilikuwa na mwisho. Mwaka huo lilitoka toleo la 19c, na ndani yake haki ya kuendesha seva mbili juu ya daftari moja, ambayo wateja wa daraja hilo walikuwa nayo kwa zaidi ya miaka kumi, ilikuwa imeondolewa.

Haki hiyo ndiyo inayojulikana katika biashara ya kompyuta kama Real Application Clusters, kwa kifupi RAC. Oracle iliitoa kwa jina hilo mwaka 2001 pamoja na toleo la 9i. Kuanzia toleo la 10g iliingizwa pia katika leseni ya Standard bila malipo ya ziada, kwa sharti kwamba mashine zisizidi ukubwa fulani. Mwaka 2015 leseni hiyo ikapewa jina la Standard Edition 2 na sharti likakazwa: klasta nzima isiwe na zaidi ya prosesa mbili, yaani moja kwa kila seva. Wateja wadogo walivumilia. Kisha likaja la 19c, na anayetaka seva zake mbili zifanye kazi pamoja akaambiwa apande daraja la Enterprise.

Msomaji achukue kalamu. Tuseme kampuni ina seva mbili, kila moja na prosesa moja ya Intel yenye viini 8. Kwa bei ya orodha ambayo Oracle imekuwa ikiichapisha, Standard Edition 2 ni dola 17,500 kwa prosesa. Seva mbili ni dola 35,000, na msaada wa kila mwaka, ambao hutozwa asilimia 22 ya bei, ni dola 7,700. Enterprise ni dola 47,500, na RAC juu yake ni dola 23,000, jumla dola 70,500. Hapa hata maana ya neno prosesa inabadilika, kwa sababu Enterprise huhesabiwa kwa viini, na kwa mashine za Intel viini viwili huwa leseni moja. Viini 16 vinakuwa leseni 8. Mara dola 70,500, jumla ni dola 564,000, na msaada wa mwaka dola 124,080. Mashine ni zile zile, data ni ile ile, na makarani wanaoingiza ankara ni wale wale.

Wateja wakubwa hupatana bei, na ni wachache wanaolipa orodha kamili. Lakini hata akipata punguzo la nusu, aliyekuwa amelipa dola 35,000 anatazama ankara ya dola 282,000.

Kubaki kwenye toleo la zamani kuliwezekana kwa muda tu, kwani msaada wa matoleo ya 12c ulikwisha mwaka 2022. Mwaka 2020 Oracle yenyewe ilileta mbadala kwa wateja wa Standard, katika marekebisho ya 19.7: seva moja inafanya kazi na ya pili inakaa akiba, ya kwanza ikianguka ya pili inawashwa na kushika daftari. Ni nafuu inayofaa, na kwa biashara nyingi inatosha. Hata hivyo si kitu kile kile walichokuwa nacho, maana kati ya kuanguka na kuwashwa wateja wa dukani wanasubiri.

Daftari na makarani

Ili kuelewa kwa nini namba ya toleo ina nguvu kiasi hiki, inafaa kujua mashine hizi zinapatanaje. Kanzidata ni daftari la kompyuta: nani anadaiwa, bohari ina mifuko mingapi, akaunti ina salio gani. Klasta ni makarani kadhaa wanaohudumia wateja kwa wakati mmoja bila kupingana.

Katika mpango wa Oracle RAC daftari ni moja, limewekwa kwenye diski ambayo seva zote zinaifikia. Makarani wanapeana kurasa na kuulizana kila mara nani ameshika ipi. Katika mpango wa pili, ambao ndio wa Galera na wa MySQL Group Replication, kila karani ana daftari lake kamili, na kila ingizo jipya husomwa kwa wote kabla ya kuthibitishwa. Kama makarani wawili wamegusa mstari mmoja kwa wakati mmoja, mmoja hukataliwa na kuambiwa aanze upya. Programu ya duka ambayo haikuandikwa kurudia ingizo lililokataliwa itamwonyesha keshia ujumbe wa kosa, na keshia atasema mfumo unasumbua, ingawa klasta iko salama kabisa.

Mpango huu wa pili huenda kwa akidi, kama mkutano wa ushirika. Mashine tatu zikitenganishwa na waya uliokatika, mbili zinazoonana ni wengi na zinaendelea, ile moja iliyobaki peke yake inaacha kupokea maingizo. Mashine mbili tu zikitenganishwa, kila moja ni nusu, hakuna mwenye wengi, na zote zinasimama. Ndiyo maana muuzaji anayeuza klasta ya Galera ya seva mbili bila ya tatu ameuza nusu ya bidhaa. Ya tatu si lazima iwe kubwa: Galera ina programu ndogo ya msuluhishi isiyotunza data yoyote, kazi yake ni kupiga kura tu.

Wauzaji hupenda kutaja asilimia, nazo ni vyema zikageuzwa kuwa saa. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya mwaka umeruhusiwa kulala siku tatu na nusu na zaidi. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9. Asilimia 99.999, ambayo ndiyo sifa inayotangazwa kwa MySQL NDB Cluster, teknolojia iliyozaliwa ndani ya kampuni ya simu ya Ericsson na kununuliwa na MySQL AB mwaka 2003, ni dakika 5 na sekunde chache kwa mwaka mzima. Kabla ya kusaini, mnunuzi aulize kama saa za kubadilisha toleo zimo ndani ya hesabu hiyo. Mara nyingi mkataba huziita matengenezo yaliyopangwa na kuziacha nje.

Kupandisha kwa zamu

Sifa kubwa inayouzwa na klasta ni kwamba unaweza kubadilisha toleo bila kufunga duka. Mafundi huitoa seva moja, wanaiwekea toleo jipya, wanairudisha kundini, kisha wanakwenda kwa ya pili na ya tatu. Kwa siku hiyo, au kwa wiki ikiwa fundi ni mwoga, matoleo mawili yanafanya kazi katika kundi moja. Hapo ndipo utangamano unapopimwa.

Utangamano huo una mwelekeo mmoja. Mashine mpya hujifunza lugha ya zamani ili ielewane na wenzake, ya zamani haiwezi kujifunza lugha mpya. Katika Group Replication, mashine ya toleo la chini haikubaliwi kujiunga na kundi la toleo la juu, na ile ya juu ikiingia kati ya za chini hukaa ikisoma tu bila kuandika. Katika Galera, mashine iliyopotea kwa muda mrefu hurudi kwa kupewa nakala nzima ya daftari na mwenzake. Kama mwenzake amekwisha kupanda toleo na yeye bado, nakala hiyo haitamfaa. Kwa hiyo klasta iliyo katikati ya safari ina hatari ambayo haikuwa nayo kabla ya safari: mashine ya zamani ikianguka usiku huo, inaweza isirudi mpaka nayo ipandishwe.

Ruka za matoleo nazo zina masharti. Galera ya kizazi cha 3 ilifanya kazi na MySQL 5.6 na 5.7, na MariaDB mpaka 10.3. Kizazi cha 4 kilikuja na MariaDB 10.4 mwaka 2019, na ndicho kilichotumika pia kwa MySQL 8.0. Mwenye MariaDB 10.3 aliweza kwenda 10.4 kwa zamu, kwa sharti kwamba asiguse mambo mapya ya kizazi cha 4 mpaka mashine ya mwisho ipande. Aliyelala kwenye 10.1 hakuwa na njia hiyo ya moja kwa moja. Alipaswa kupita ngazi moja moja, au kufunga duka na kufanya yote kwa mara moja.

Wakati mwingine kinachokwamisha ni kitu kidogo. Percona, kampuni inayotoa klasta yake juu ya Galera, ilipoleta toleo la 8.0 iliamua kwamba mazungumzo baina ya mashine yafungwe kwa siri tangu mwanzo bila kumsubiri fundi awashe. Uamuzi mzuri kwa usalama. Lakini aliyekuwa na 5.7 ambako mazungumzo yalikuwa wazi, na asisome maelezo, aliweka mashine mpya inayonong'ona kwa mafumbo kati ya wenzake wanaosema kwa sauti, nayo ikashindwa kujiunga. Jambo la namna hiyo lilitokea pia kwa nywila za MySQL. Toleo la 8.0 la mwaka 2018 lilibadilisha njia ya kuthibitisha mtumiaji, 8.4 ya mwaka 2024 ikaizima ile ya zamani kwa kawaida, na 9.0 ikaiondoa kabisa. Programu za hesabu zilizoandikwa miaka kumi iliyopita hugonga mlango na kukataliwa, na mwenye duka huambiwa anunue programu mpya ya hesabu kwa sababu ya kanzidata ambayo hajawahi kuiona.

Kwa upande wa Oracle RAC, marekebisho madogo mengi huweza kuwekwa kwa zamu. Toleo kubwa ni jambo jingine, maana daftari ni moja na haliwezi kuandikwa kwa mtindo wa matoleo mawili kwa wakati mmoja. Anayetaka kuvuka bila kufunga anahitaji daftari la pili pembeni, pamoja na diski zake na leseni zake.

Kumi si kubwa kuliko nane

Mchanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye majina mawili yanayofanana. MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995, mikononi mwa Michael Widenius na wenzake. Sun Microsystems ilikubali kuinunua mwaka 2008 kwa dola bilioni 1. Mwaka uliofuata Oracle ikakubali kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4, na Widenius, kwa kuhofia mali yake ya zamani kuangukia kwa mshindani, akaanzisha tawi la programu hiyo hiyo na kuliita MariaDB. MySQL ilikuwa imepewa jina la binti yake My, na MariaDB ikapewa la binti mwingine, Maria.

Mwanzoni namba zilikwenda sambamba, MySQL 5.1 na MariaDB 5.1, mpaka 5.5. Baada ya hapo MariaDB ikaruka kwenda 10.0, na MySQL ikaenda 5.6, 5.7, kisha ikaruka 6 na 7 na kutua kwenye 8.0. Tangu hapo mteja anayeambiwa 10 ni mpya kuliko 8 anadanganywa, kwa kujua au kwa kutojua. Namba hizo hazina kipimo kimoja tena.

Tofauti ya ndani imekua pia. Kila tawi lina namna yake ya kuhesabu miamala inapopelekwa kutoka seva moja kwenda nyingine, na hesabu hizo hazisomani. MySQL hutunza data za JSON kwa umbo lake maalumu, wakati kwa MariaDB jina hilo ni maandishi marefu ya kawaida. MySQL 8.0 ilibadilisha jinsi orodha ya majedwali inavyotunzwa kwenye diski, hivyo mafaili yake hayawezi kubebwa na kuwekwa chini ya MariaDB yakafunguka. Kuhama kunawezekana kwa kuyamwaga yote na kuyapakia upya, na daftari likiwa kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi. Kuchanganya matawi hayo mawili ndani ya klasta moja ya kudumu ni kujitafutia balaa.

Galera yenyewe ilikuwa kazi ya kampuni ndogo ya Kifini, Codership, iliyoanza mwaka 2007. MariaDB iliifungasha ndani ya toleo la 10.1 mwaka 2015, na watumiaji wengi hawakujua kwamba ndani ya pakiti moja mlikuwa na bidhaa za kampuni mbili. Mwaka 2025 MariaDB iliinunua Codership.

Hisa zilivyokwenda

Wawekezaji wadogo wanaosoma ukurasa huu watataka kujua kama kuna fedha katika biashara hii. Kuna fedha, lakini kwa MariaDB hazikwenda kwa wanahisa wa mwanzo. Februari 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuingia sokoni kwa kuungana na Angel Pond, kampuni tupu iliyokusanya mtaji kwa ajili ya kununua nyingine, na ikathaminiwa dola milioni 672. Hisa za kampuni tupu za aina hiyo huuzwa mwanzoni kwa dola 10. MariaDB ilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York Desemba 2022. Septemba 2024 kampuni ya uwekezaji ya K1 ilikamilisha kuinunua yote na kuitoa sokoni kwa senti 55 kwa hisa, karibu dola milioni 37. Aliyetoa dola 1,000 kwa dola 10 kila hisa na kushikilia mpaka mwisho alipokea dola 55.

Katikati ya anguko hilo kuna habari inayomhusu mteja kuliko mwanahisa. Mwaka 2018 MariaDB ilikuwa imeinunua Clustrix, kanzidata ya klasta iliyojengwa kutanda juu ya mashine nyingi, na baadaye ikaiuza kwa jina la Xpand. Oktoba 2023, fedha zilipopungua, kampuni ilipunguza zaidi ya robo ya wafanyakazi na kutangaza kwamba Xpand inasimamishwa pamoja na huduma yake ya kukodisha kanzidata, SkySQL. Huduma ya SkySQL ilipata kampuni ya kuiendeleza. Xpand ilikwisha. Wateja walioijengea mifumo kwa sababu hailali walijikuta na bidhaa isiyokuwa na toleo lijalo, na hakuna fundi anayeweza kupandisha kwa zamu kwenda kwenye toleo ambalo halipo.

Linganisha na Oracle, ambako msaada wa asilimia 22 huingia kila mwaka, mteja akinunua kipya au asinunue. Mwanahisa wa kampuni ya kanzidata anapenda mteja asiyeweza kuhama. Mteja naye anatafuta mahali anapoweza kuhama kutoka. Wapo wasomaji wetu walio pande zote mbili, wenye hisa chache na duka moja, na ni afadhali wajue wanazungumza kwa kofia ipi.

Kwa anayekaribia kusaini mkataba wa mfumo mpya, yapo mambo machache ya kumbana nayo muuzaji. Kwanza ataje kwa maandishi jina kamili na toleo la kanzidata, pamoja na tarehe ambayo msaada wake unakwisha. MySQL 5.7 ilifikia mwisho Oktoba 2023, na bado mifumo mingi iliuzwa juu yake miezi michache kabla. MySQL 8.0 ilipangiwa Aprili 2026. Toleo la 8.4 ni la muda mrefu: miaka mitano ya msaada kamili kuanzia 2024, na mitatu ya nyongeza baada ya hapo. Matoleo ya kati, yale yanayoitwa ya ubunifu, huishi miezi michache tu mpaka linalofuata litoke, na hayafai kuwekwa chini ya daftari la madeni.

Pili, mkataba useme nani analipia kupanda kwenda toleo lijalo, akiwa ni mnunuzi au muuzaji, na kama leseni ya daraja lile lile itaendelea kuruhusu mashine zote. Kifungu hiki ndicho ambacho wateja wa Standard Edition 2 hawakuwa nacho.

Tatu, kupanda kufanyiwe majaribio kwanza kwenye nakala, juu ya mashine tatu za pembeni ambazo zinaweza kuwa ndogo na za mkopo, zikiwa na data ya kweli ya duka na programu ile ile ya hesabu. Katika jaribio hilo mashine moja ya toleo la zamani izimwe makusudi kazi ikiwa nusu, na mwenye duka aangalie saa mpaka irudi. Muuzaji atadai malipo ya siku mbili au tatu za fundi kwa zoezi hilo. Yaingizwe kwenye bei tangu mwanzo, kabla ya malipo ya awali, wakati mnunuzi bado ana nguvu ya kupatana.